Tangi jipya katika Land Rover ya mwaka 1969: tathmini baada ya miezi minane barabarani Pemba

Tangi ninalolitathmini hapa ni tangi mbadala la petroli la Land Rover Series IIA, ile fupi ya inchi 88 baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, lenye ujazo wa galoni 10 za Kiingereza, yaani lita 45 na kidogo, na limetengenezwa Uingereza kwa kufuata umbo la tangi la asili. Nimelifunga katika gari ya marehemu baba yangu, iliyotoka kiwandani mwaka 1969, na sasa nimeshaitembelea kwa miezi minane kati ya Wete, Konde na Chake Chake, kwa hiyo ninachokieleza ni kile nilichokiona na kukishika mwenyewe. Wenzangu wanaofufua gari hizi, wa Unguja na wa Pemba, wamekuwa wakiniuliza kama tangi la kuagiza linastahiki gharama yake ilhali mafundi wa kuziba na kuunda matangi wapo karibu kila mtaa. Kwa maoni yangu linastahiki, tena sana, ila mwenye kulifunga kama lilivyotoka ndani ya boksi atajuta ndani ya mwezi mmoja.

Asiyeijua Land Rover ya zamani hushangaa kuona bodi imesalimika huku tangi limeoza. Sehemu kubwa ya bodi ya gari hii, tokea ilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, ni aluminiamu, ambayo hailiwi na kutu kama chuma, lakini chesisi na tangi ni vya chuma na vyote viwili vinakaa chini. Katika Series IIA tangi liko upande wa kulia chini ya kiti cha mbele, na kwa kuwa usukani wetu uko kulia, dereva huwa amelikalia. Tope linalorushwa na gurudumu la mbele huishia hapo hapo, likajibana baina ya tangi na mikono ya chesisi inayolibeba, na tope hilo halikauki kuanzia masika mpaka kipupwe. Huo ni uharibifu wa nje. Wa ndani ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani: tangi lililoachwa nusu huwa na hewa juu ya mafuta, hewa ya kwetu ina unyevu mwingi, usiku ukipoa unyevu ule hugeuka matone ya maji, na maji kwa kuwa ni mazito kuliko petroli hushuka na kutuama chini kabisa. Gari ya baba ilikaa chini ya banda la makuti kwa miaka mingi baada ya yeye kushindwa kuendesha. Siku tulipofungua kizibo cha chini cha kumwagia mafuta, kilichotangulia kutoka kilikuwa maji mekundu kama chai ya rangi, kisha ndipo yakafuata mafuta yenye harufu kali ya vanishi.

Kabla ya kufikia uamuzi wa kuagiza, nilipoteza muda na fedha katika gereji moja ambayo sitaitaja. Fundi wa hapo alikuta matundu mawili madogo kwenye kona ya chini, akayaziba kwa sabuni ya mche, akapaka gundi ya chuma juu yake na kunitoza shilingi 45,000. Sabuni ya mche si uzushi. Kila dereva wa safari ndefu anaijua, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni kama maji yanavyoiyeyusha, na inaweza kukufikisha nyumbani tangi linapotoboka njiani. Tatizo ni kuifanya matengenezo ya kudumu. Mvua za wiki mbili zilitosha kuitoa, na gundi ikabanduka pamoja na kutu iliyokuwa imeishikilia. Nilipomrudishia kazi yake akataka kulichomelea tangi siku hiyo hiyo, kwa hoja kwamba limeshamwagwa mafuta na limekauka. Hapo nilimkatalia na kuondoka na tangi langu, na ningependa kila anayesoma hapa afanye hivyo hivyo. Kinachoshika moto katika petroli ni mvuke wake, na tangi lililomwagwa huwa limejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Kulipelekea cheche tangi la namna hiyo ni hatari kuliko hata kulipelekea lililojaa mafuta mpaka mdomoni, kwani lililojaa halina nafasi ya hewa ndani yake.

Nilifikiria pia kuwapa kazi mafundi bati wa Chake Chake waunde tangi jipya, na sikulifikiria jambo hili kwa dharau, kwani wapo mafundi wa bati Pemba ambao mikono yao inanyoosha karatasi ya chuma kama anayekunja shuka. Bei yao ingekuwa chini ya nusu. Kilichonizuia ni yale yasiyoonekana kwa nje: kuta za ndani zinazozuia mafuta yasiyumbe gari inapopanda na kushuka vilima, mrija wa kufyonzea ambao ncha yake lazima isimame juu kidogo ya sakafu ya tangi ili usivute taka na maji, mdomo wa kufungia kipimo cha mafuta ambao matundu yake ya skrubu lazima yalingane na kipimo chenyewe, na shingo ya kujazia ambayo pembe yake ikikosea, mpira unaoiunganisha na mdomo wa kujazia utajikunja na mafuta yatarudi usoni kwa muuzaji wa kituoni. Yote hayo fundi mahiri anayaweza akipewa sampuli nzima, lakini sampuli yangu ilikuwa imeoza. Matangi ya aluminiamu nayo yapo, ni mepesi na yanang'aa, ila aluminiamu ikigusana na chuma katika unyevu wenye chumvi ndiyo inayoliwa kwanza, na mikono ya chesisi yangu ni chuma na bahari haiko mbali. Nikachagua chuma kwa chuma.

Boksi lilinifikia kupitia Malindi, Unguja, kisha likavuka kwa boti. Kwa mtazamo wa kwanza tangi lilinifurahisha: bati lake lina unene unaoridhisha ukiligonga kwa kidole, mishono imenyooka, na nje limepakwa rangi nyeusi ya unga iliyookwa, ngumu kuchubuka. Baada ya kuliangalia kwa tochi furaha ile ilipungua kidogo. Rangi ilikuwa imeingia ndani ya nyuzi za tundu la kizibo cha chini, na imejaa pia katika matundu ya skrubu za kipimo. Tundu moja la boliti ya kufungia lilikuwa limepotoka kiasi cha milimita 4 ukilinganisha na mkono wa chesisi. Gasketi ya kipimo iliyokuja nalo ilikuwa nyembamba na kavu, ya kuvunjika ukiikunja. Ndani, chini ya mdomo wa kipimo, zilionekana chembe ndogo za uchomeleaji zilizoshikamana na bati. Kwa bidhaa ya bei ile, kasoro ya tundu naweza kuisamehe, lakini kuacha chembe za chuma ndani ya chombo cha mafuta ni uzembe wa mtengenezaji ambao siwezi kuupunguzia.

Sifa kubwa ya tathmini hii inakwenda kwa fundi aliyelifunga, kijana wa hapa Wete anayefanya kazi nje ya nyumba yao chini ya mwembe. Mimi nilishajiandaa kulifunga siku ile ile. Yeye alilishika, akaligeuza, akanusa mdomo wake, kisha akaniambia, "Maalim, tangi jipya si tangi zima mpaka tulijaribu." Akamimina ndani yake lita 3 za petroli safi, akafunga midomo yote, tukalitikisa sisi wawili kwa zamu kama watu wanaotikisa dafu kusikiliza maji yake, halafu akayachuja mafuta yale kwa kitambaa cheupe. Kwenye kitambaa zilibaki chembe nyeusi za kujaza ncha ya kijiko cha chai. Akarudia mara mbili mpaka kitambaa kikatoka cheupe, na mafuta aliyotumia hakuyarudisha ndani.

Siku ya pili, tangi likiwa limeachwa wazi usiku kucha kwenye upepo, alilijaribu kwa hewa. Aliziba midomo yote, akaunganisha pampu ya baiskeli kwenye mrija wa kufyonzea na kusukuma mara chache tu. Nilimuuliza kwa nini asitumie kompresa ya kujazia tairi iliyokuwa pale pale. Jibu lake lilinionesha kwamba anaijua kazi: tangi ni bati pana na bapa, halikuundwa kubeba shinikizo, na hewa ambayo kwa tairi ni kidogo inatosha kulitunisha tangi na kufungua mishono yake. Kisha alichukua sabuni ya mche, ile ile iliyonitia hasara kwengine, akaikoroga kwa maji mpaka ikatoa povu na kuipaka kwa brashi kwenye kila mshono. Mishono yote ilinyamaza. Kwenye kizibo cha chini, hata hivyo, vilichipuka viputo vidogo, kimoja baada ya kimoja, vikikua taratibu na kupasuka. Ilikuwa ni ile rangi iliyoingia katika nyuzi, haikukiruhusu kizibo kukaa sawasawa. Akaisafisha kwa chombo cha kukatia nyuzi, akabadilisha washa kwa nyengine ya shaba, na viputo vikakoma. Kama tangi lingekuwa tayari chini ya kiti na lita 45 ndani yake, kasoro hiyo tungeigundua kwa harufu.

Kazi ya kulifunga yenyewe haina maajabu, na mtu mwenye spana na msaidizi mmoja anaiweza. Betri hutolewa waya kwanza. Mto wa kiti na kifuniko kilicho chini yake huondolewa, hapo waya wa kipimo na mrija wa kufyonzea huonekana kwa juu, kisha mpira wa kujazia na ule mwembamba wa kutolea hewa hufunguliwa, tangi huegemezwa juu ya jeki yenye kipande cha ubao na boliti zake hutolewa. Boliti zangu mbili zilikatika kwa kutu, jambo la kutarajiwa. Lililo muhimu kuliko yote ni mahali pa kufanyia kazi: fundi alikataa katakata kuipeleka gari juu ya shimo la gereji la jirani yake, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaa shimoni, na hautoki humo kwa haraka. Tuliipandisha juu ya magogo, nje, penye upepo wa kusi. Tundu lililopotoka alilirekebisha kwa tupa ya mkono kabla ya tone la mafuta kuingia, na chuma kilichobaki uchi akakipaka praima na rangi. Mikono ya chesisi tuliikwangua kwa brashi ya waya na kuipaka rangi mara mbili, kwani hakuna maana ya kuweka tangi jipya juu ya kutu ya zamani. Nilimpendekezea apake oili chafu chini kote kama tulivyozoea kuwaona mafundi wakifanya. Alikubali kwa chesisi na kukataa kwa upande wa tangi, kwa kuwa oili huilainisha mipira iliyo karibu nalo.

Kwenye mdomo wa kipimo hakutumia gasketi iliyokuja nalo wala silikoni ya kawaida. Hili la silikoni nalisisitiza, maana nimeiona katika gari nyingi: silikoni ya madukani inayozibia vyoo na madirisha haihimili petroli, huvimba na kulegea, na vipande vyake huingia katika mafuta. Alikata gasketi mpya kutoka karatasi ya gasketi inayostahimili mafuta na kuipaka kiasi kidogo cha dawa ya kuzibia iliyotengenezwa makusudi kuhimili petroli. Mipira yote ilibadilishwa. Ule wa zamani ulikuwa na nyufa kama ngozi ya kisigino, na ulipokunjwa ukamwaga unga mweusi.

Tulipowasha swichi kwa mara ya kwanza, mshale wa geji ya mafuta kwenye dashibodi haukuinuka, na mimi nilidhani kipimo kimekufa. Ajabu ni kwamba kosa lilitokana na uzuri wa tangi lenyewe. Kipimo ni boya linaloelea juu ya mafuta na kusukuma mkono wa umeme, na umeme wake hurudi kupitia mwili wa tangi kwenda kwenye chesisi. Tangi la zamani lilikuwa chuma kitupu juu ya chuma kitupu, njia ikawa wazi, lakini hili jipya limevikwa rangi nene kila upande, na mikono ya chesisi nayo tulikuwa tumeipaka rangi, kwa hiyo umeme haukuwa na pa kupita. Fundi aliongeza waya mfupi wa ethi kutoka skrubu moja ya kipimo mpaka kwenye chesisi, akakwangua rangi mahali pa kukutania na kupaka grisi kuzuia kutu. Mshale ukainuka. Wengi hununua kipimo kipya, kisha geji mpya, ilhali walichokosa ni waya wa urefu wa shubiri.

Kisha tukafanya jambo ambalo ningependa kila mwenye gari ya namna hii alifanye. Tulitia mafuta lita 5 kwa kila mkupuo, gari ikiwa mahali tambarare, na kila mara nikaandika mshale umefika wapi. Nikajua kwamba geji yangu inasema tangi tupu huku zimebaki lita 7, na kwamba robo yake ya mwisho hushuka haraka kuliko robo ya kwanza. Tangi zima lilipokea lita 44 mpaka mafuta yakaonekana kwenye shingo, kwa hiyo ujazo ulioandikwa ni wa kweli.

Gharama ni kubwa na sitaificha. Tangi, usafirishaji na ushuru vilinifikisha shilingi 840,000, na karibu nusu yake haikuwa bei ya tangi. Fundi alichukua shilingi 90,000 kwa siku mbili, ambazo kwangu ni chache kuliko alivyostahiki, na nilimwongeza. Mipira, klipu, washa na chujio la kuona ndani lililowekwa kabla ya pampu vilikuwa shilingi 35,000. Chujio hilo ni la lazima. Pampu ya Series IIA ya petroli ina kikombe chake cha kioo kinachokamata taka, na zamani nilikuwa nakisafisha kila wiki kwa sababu ya unga mwekundu uliokuwa ukijaa ndani yake. Katika mwezi wa kwanza wa tangi jipya, chujio lilikamata chembe nne au tano nyeusi zilizotukwepa siku ya kutikisa. Tokea hapo halijakamata kitu, na kikombe cha kioo kinaonesha petroli safi mpaka unadhani ni kitupu.

Injini ile ya sentimita za ujazo 2,286 sasa inapanda vilima vya Pemba bila kukohoa. Harufu ya petroli ndani ya gari imekwisha kabisa. Katika mvua za masika nililifungua kwa chini mara moja kulikagua, na rangi ilikuwa nzima isipokuwa alama mbili za mawe ambazo nimezigusa kwa brashi. Mara moja kwa mwezi nalegeza kizibo cha chini na kutoa kiasi cha nusu kikombe ndani ya chupa ya kioo, nikaiacha itulie. Kama kuna maji yatajitenga chini. Mpaka sasa nimeona matone machache mara moja tu, baada ya kuiacha gari wiki tatu na tangi likiwa nusu, na kwa hiyo siku hizi naliweka limejaa ninaposafiri kwenda Unguja.

Limebaki jambo moja ambalo tangi halikuja nalo na ambalo muuzaji hakulitaja, nalo ni kifuniko cha kujazia. Nilirudisha kile cha zamani kwa sababu kilikuwa cha baba na bado kinafunga vizuri. Mwezi wa pili, nikitokea Konde kuelekea msitu wa Ngezi, gari ilizimika kama iliyokatiwa mafuta, na geji ilionesha zaidi ya nusu. Nilipofungua kifuniko, tangi lilivuta pumzi ndefu, sauti kama ya mtu aliyeibuka kutoka kuzamia pweza, na injini ikawaka baada ya kupampu mara chache kwa mkono. Tundu la kupumulia katika kifuniko lilikuwa limeziba kwa kutu, mafuta yakivutwa hapakuwa na hewa ya kuingia mahali pake, na pampu ikashindwa. Tangi la zamani halikuwahi kunionesha kasoro hiyo kwa kuwa lilikuwa likipumulia matundu yake. Nililizibua kwa waya mwembamba nikarudi nyumbani salama, na wiki iliyofuata nikaagiza kifuniko kipya. Anayetaka kuagiza tangi hili aagize kifuniko hicho pamoja nalo, katika boksi moja, asilipe usafirishaji mara mbili kama nilivyolipa mimi.